Maneno ya Susu Niliyoyapunguza Njiani

Mwende wangu,

Kutoka Athi River mpaka Namanga hakuna mwanaume mwenye bahati kama baba yako. Sisemi juu ya mali. Mali ni ng'ombe, leo iko, kesho imekula mfuko wa nailoni imekufa. Nasema juu ya mama. Wanaume wenzangu pale soko la mifugo Kajiado wakikutana ni kulia tu: mama amenigombeza, mama hataki bibi yangu, mama amenishtaki kwa chifu. Mimi huwa nawaangalia, nacheka. Mama yangu mimi hajawahi kunilaumu hata siku moja. Na shahidi niko naye, ni wewe. Umekaa na sisi wawili tangu ukibebwa mgongoni, na hujawahi kusikia nikilaumiwa. Hiyo weka kwa kompyuta yako.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu unakijua. Mama yako yuko chumbani na sanduku lako. Ametoa viatu ameweka unga, ametoa unga ameweka viatu. Mambo ya nguo nzito, na paspoti, na kukataa kubebea watu mizigo, ameyasema mpaka jirani wa ukuta ameyashika kwa kichwa. Mimi sirudii. Kesho ndege ikipaa utakuwa na sweta, hilo najua. Lakini kuna kitu kimoja utakuwa hujabeba, na ni mimi niko nacho. Ni maneno ya Jumapili ya Susu wako, mama yangu. Nimekaa nayo wiki hii kama mtu ameficha nyama kwa koti na mbwa wako karibu. Nitakupa yote kabla barua hii iishe. Ila nikupitishe njia ndefu kidogo, kwa sababu mimi nikienda moja kwa moja huwa naanguka.

Unakumbuka siku ulituambia unaenda kusoma nini? Mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu wa bucha na watu wa kanisa kwamba Mwende anaenda Amerika kuwa daktari. Ya moyo, nilisema, kwa sababu daktari wa kawaida hata Kitengela wako. Tukawa tunakula, wewe ukaweka kijiko chini.

"Dadi, naenda kusoma vile lugha inafundishwa watoto tena ikiwa karibu kuisha. Huko Oklahoma kuna watu wanaitwa Kickapoo."

"Kikapu? Cha sokoni?"

"Dadi."

"Basi ni wale Wahindi Wekundu wa sinema."

"Dadi, watu wako na jina. Nimekuambia jina."

Ukaeleza. Mama yako aliacha kutafuna. Kwamba hao Kickapoo zamani walikuwa upande wa maziwa makubwa ya kaskazini, wakasukumwa, wakahama, wakasukumwa tena, na sasa wako Kansas, wako Oklahoma, wako Texas karibu na mto wa mpaka, na wengine wakavuka kabisa wakakaa Meksiko. Kwamba ndugu wa huku na ndugu wa kule bado wanavuka kutembeleana, na hapo nikasema, hao ni Wamaasai wa Namanga hao, mpaka ni wa serikali, ng'ombe hajui. Kwamba kwa desturi yao nyumba za matete zinajengwa na wanawake na ni za wanawake, na mama yako akasema hao watu anawapenda. Kwamba kuna mahali hiyo lugha imebaki kwa wazee wachache, na kuna mahali, kule kijiji chao cha Meksiko, watoto wameendelea kulelewa ndani yake, ingawa Kihispania na Kiingereza vinabisha hodi hata huko. Na kwamba wako vijana wanajifunza sasa hivi, watu wazima na kazi zao, wanakaa chini ya shangazi zao wakianza na "maji" na "moto."

Ilikuwa stori tamu. Na mimi nikaiharibu. Nikasema, "Kikamba chenyewe huwezi kuomba chumvi, unaenda kusomea lugha ya watu wa Amerika?"

Hukupandisha sauti. Ungepandisha ningekushinda, kelele ni kazi yangu. Ulichukua sahani yangu ukasema, "Na ni nani alininyima?"

Nilitoka nje kuangalia tangi la maji. Tangi lilikuwa limejaa. Nililiangalia sana.

Sasa nikuambie ni nani aliyekunyima, ili usifikiri alikuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa shule ya msingi kule Ukambani, kabla hatujahamia Entarara, kule chini ya mlima anakoishi Susu mpaka leo. Pale shuleni ukiongea Kikamba ulivalishwa mfupa wa ng'ombe kwa kamba, unaning'inia hapa kifuani, mpaka umpate mwingine akiongea umvalishe yeye. Jioni aliyebaki nao alipigwa. Mimi niliuvaa kuliko mtu yeyote, rekodi yangu bado iko. Wengine walinyamaza siku nzima, wakawa watoto wa kutikisa kichwa tu. Mimi sikuweza kunyamaza, unanijua. Basi nikanuka mfupa. Wasichana wakanikimbia. Nikaacha shule kabla ya kumaliza, na kila mahali nasema niliacha kwa sababu biashara iliniita. Hakuna biashara iliita. Nilichoka kuvaa ng'ombe.

Ulipozaliwa nikaapa mtoto wangu havai mfupa. Mama yako ni Mluhya, Kikamba hakuwa nacho cha kukupa. Kilikuwa kwangu peke yangu, na mimi nikakifungia. Nyumbani ikawa Kiswahili, na Kiingereza changu cha kuvunja mawe. "Mwende, you come you eat, food is becoming cold and me I am becoming annoyed." Ulikuwa ukinirekebisha ukiwa bado unalala na mwanasesere, na mimi nilikuwa naenda sokoni kujisifu kwamba mtoto ananirekebisha. Kwa watu wa Kajiado naongea Kimaasai mpaka mzee wa Kimaasai ananiuliza mimi ni wa ukoo gani. Kikikuyu naongea, Kisomali cha kununua na cha kukimbia ninacho, Kiluhya cha kuwatuliza wakwe ninacho. Mtoto wangu peke yake ndiye sikumpa cha mama yangu.

Kwa hivyo siku ile ulikuwa unaongea na yule binti wa Kickapoo wa kule Oklahoma kwa simu ya video, na mimi nikapitisha kichwa nyuma yako, nilisikia kitu. Nilimpigia kelele kwanza, samahani. "Hallo my daughter! How is the cows?" Akacheka, akanisalimia kwa neno la kwao. Mimi nikamjibu "Sopa!" ya Wamaasai, kwa sababu sokoni ukisalimiwa kwa lugha usiyoijua unajibu kwa ile iko karibu na mdomo. Lakini niliposogea jikoni niliacha mlango wazi. Nikamsikia akikuambia kwamba babu yake alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, akakatazwa lugha, na akaja kuzeeka akiongea Kickapoo usingizini peke yake. Wajukuu wakimwamsha, anawajibu kwa Kiingereza. Akasema hakuwa amewachukia wajukuu. Alikuwa anawakinga.

Nilisimama pale na sufuria mkononi. Nikasema, huyu mzee namjua. Huyu mzee alivaa mfupa.

Na huyo binti sasa anaosha vyombo na shangazi yake kila jioni, na kanuni ni moja, kwa sinki hakuna Kiingereza. Akikosa neno, anaonyesha kijiko mpaka apewe. Alisema kuna siku wanamaliza vyombo wanachafua vingine makusudi. Mwende, nilipenda sana hiyo ya kuchafua vingine. Kama kuna kitu kinaniambia hao watu hawajaisha, ni hiyo.

Sasa nifike kwa dhambi ya kazi. Wewe unajua kazi yangu ni udalali, lakini sijawahi kukuambia siri yake. Dalali hatafsiri maneno. Anatafsiri ng'ombe mpaka aingie kwa lori. Mzee anakuja na fahali, mwenye bucha anatoka Nairobi na tumbo, hawaelewani, katikati niko mimi. Mzee anasema kwa Kimaasai, "Mwambie huyu mnene akanunue kuku." Mimi nageuka nasema, "Mzee anakushukuru kwa kusafiri mbali, anaomba uongeze kidogo." Mwenye bucha anasema, "Mwambie ng'ombe wake amekonda kama baiskeli." Mimi nageuka, "Anasema amependa miguu." Wanashikana mikono wote wakitabasamu, na mimi nimekula pande mbili. Kwa soko hilo si kosa, ni mafuta ya injini. Kosa ni kwamba niliibeba hiyo kazi mpaka Entarara.

Kila tulipokwenda kwa Susu, ulikaa pale kwa kigoda, yeye kwa gunia, mimi katikati. Kiswahili chake unakijua ni cha kuuza vitunguu: bei, gunia, hapana. Basi yeye anaongea, mimi nageuza. Na mimi nilikuwa nauza ng'ombe, Mwende. Aliongea mambo mazito, nikakuambia, "Susu anasema umekua." Aliuliza swali, nikakuambia, "Susu anasema kula." Ukamjibu na kitu kizuri cha kitoto, kwamba unataka kuishi naye, nami nikamwambia, "Anasema shule ni nzuri." Niliona nikileta ukweli wote mtagombana, au mtalia, na nyinyi nyote wawili mnalia vibaya.

Lakini nyinyi mlinipita. Hapo ndipo nataka kucheka hata sasa.

Kwa ule mfereji wa maji, unajua vile zamu inaenda. Maji yakifika kwenu ni yenu mpaka mwenye zamu adai, na shamba ni refu, yule wa juu kwa banio, maji yanapoingilia, hamwoni yule wa chini. Susu alikaa juu na lile gunia la mchanga la kuziba, wewe ukatumwa chini kwa vitunguu. Yeye akakufundisha mluzi. Mmoja mrefu, acha yaje. Miwili mifupi, ziba. Majirani wakasema mwanamke hapigi mluzi, na mama yangu akawajibu kwamba maji hayajawahi kumuuliza kama yeye ni mwanamke. Halafu nyinyi mkaanza kuongeza. Mkawa na mluzi wa nyoka. Wa chai imeiva. Wa mgeni amekuja na mikono mitupu. Na mkawa na ule uliopinda mwishoni kama mkia wa mbwa, ambao mlikuwa mkiupiga nikiwa naongea halafu mnaanguka kwa kicheko, na nilikuja kuuelewa nikiwa nimezeeka: baba anadanganya.

Ndiyo maana uliposema kuna mluzi wa Kickapoo, mimi nilikuamini kabla hujamaliza. Kwamba vijana wa kile kijiji cha Meksiko jioni walikuwa wakikunja viganja, wakipuliza kati ya vidole gumba, na sauti inapanda na kushuka vile maneno yenyewe yanapanda na kushuka, mvulana huku, msichana kule, wazee wanajifanya wamesinzia. Kwamba siku hizi umepungua, lakini wako bado wanaoujua. Uliniambia kwamba uliposoma hayo mara ya kwanza kule chuoni ulitoka darasani ukaenda kukaa kwa ngazi. Hukuniambia kwa nini. Niambie kama nakosea: ulisikia harufu ya vitunguu.

Kwa hivyo najua haukuchagua hao watu kwa ramani. Na nilipenda ulivyosema kwamba kuna wazee kule hawataki maneno yao ya ibada yaandikwe wala yarekodiwe, na kwamba wewe utajifunza kile tu watakubali kukufundisha. Ukasema, "Ni yao, Dadi. Mimi naenda kubisha hodi." Shika hapo. Baba yako amekula maisha yake yote kwa kukaa kati ya midomo ya watu, na anakuambia hiyo kiti ni tamu na ni ya moto. Ukipewa neno na mtu, lifikishe vile limetoka, na ukakasi wake wote. Kama haliwezi kufika zima, afadhali useme halijafika. Mtu akisema "akanunue kuku," acha kuku afike.

Haya. Jumapili.

Tulikuwa pale kwa mlango wake, mlima umefunguka mpaka theluji inaonekana, na Susu akakushika mkono wote, si vidole, mkono. Akaongea. Akaongea mpaka kuku wakakata tamaa ya kupewa mahindi wakaenda. Alipomaliza mkanigeukia wote. Nami nikasema, "Susu anasema Mungu akubariki, na uvae sweta."

"Dadi. Ameongea hiyo yote, na ni sweta tu?"

"Kikamba ni lugha ndefu."

"Na mbona alikuwa anakuangalia wewe?"

Nikainama kufunga kiatu. Na Susu, ambaye Kiswahili chake ni cha vitunguu lakini anajua mwanawe, akaweka vidole kwa mdomo, kwa meno yaliyobaki, akapiga ule uliopinda. Mkacheka mpaka mkashikana. Mimi nikasimama pale kama nguzo ya stima.

Haya ndiyo aliyosema. Nimeyatafuta kwa kichwa neno kwa neno, na pale sikuwa na uhakika nilimpigia tena jana akarudia, kwa hasira.

"Mwende, mimi nakujua kwa macho na kwa mluzi. Ulikuwa mdogo ukiniita kutoka chini kwa vitunguu, na kwa mluzi tu nilijua kama umeshindwa na maji au umeshindwa na njaa. Kwa hivyo wasikudanganye kwamba hatujawahi kuongea. Tumeongea, lakini kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Sasa unaenda mbali kukaa na watu wanaotafuta maneno ya nyanya zao. Nenda. Hiyo ni kazi nzuri, hata mimi ningeenda kama goti lingekubali. Watakuuliza, na wewe wa kwenu unajua? Usione haya. Waambie unajifunza, na mwalimu wako yuko Entarara, hajafa. Jumapili nikitoka kanisani nipigie. Niletee neno moja umelitafuta mwenyewe, hata kama limevunjika mguu. Mimi nimefunga miguu ya mbuzi wengi. Na kama hao watu watakuruhusu, niletee moja la kwao, niangalie kama huu mdomo bado unaweza kitu kipya. Ngai akuathime, akubariki. Ngai akutangulie kwa mlango wa kila nyumba utakayobisha."

Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoigeuza sweta. Sijui sweta niliitoa wapi, hakutaja nguo.

Nimeshaweka namba yako ya kule kwa kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, kwa kitufe cha kwanza. Ile ya pili ni ya mwenye zamu ya maji, ile ya tatu ni mimi. Ukimpigia sitakuwa hapo. Nitakuwa Kajiado nikidanganya watu wanaotaka kudanganywa. Mtakwama, najua. Mtanyamaza mkisikilizana mkipumua, na hiyo simu itakula pesa bure. Onyesha kijiko. Na mkikwama kabisa, piga mluzi. Miwili mifupi, atajua kuziba. Mmoja mrefu, atajua unataka maneno yaendelee kuja.

Na ukirudi likizo, usiniulize anasema nini. Uniambie wewe.

Sasa mama yako anaita, sanduku limekataa kufunga, ananitaka nilikalie. Kwa uzito huo bado natambuliwa kwa nyumba hii. Lakini kabla niende. Nimekuambia hayo ndiyo maneno yote ya Susu, na sivyo. Kuna ya kwanza kabisa, kabla hajasema jina lako, yale aliyosema akiniangalia. Nimeyaruka tena, hata kwa barua ya kukuambia nimeacha kuruka.

Alisema: "Wewe mwanangu, huyu mtoto ni wangu pia, na ulikaa kwa mlango ukazuia. Mimi nilivumilia mfupa wako. Wewe ukamvalisha mwanao mfupa mkubwa zaidi, ukauita zawadi."

Alisema hivyo Jumapili. Mwaka uliopita alisema kwa njia nyingine, na ule mwingine pia, na siku ile ulikuwa na meno mawili tu alisema akiwa amekupakata. Hiyo bahati niliyojisifia pale juu ni uongo, Mwende. Mama yangu amenilaumu kila safari tuliyokwenda, mbele yako, na mkalimani nilikuwa mimi.

Baba yako